Tumbo Kubwa Liko Upande Gani

Machinjioni, chumba cha matumbo
4 Februari

Kwako mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za shangazi yako, mzima wa afya, mgongo tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinamia karo. Baba yako goti limetulia tangu aache kupanda ngazi za jirani kwenda kutazama mpira. Mama yako anauliza kama lile sweta la kijani bado linakuenea au umeligawa, maana anakujua. Paka amezaa. Amezalia ndani ya buti langu la kazini, watoto wanne, na sikuwa na moyo wa kuwatoa. Siku tatu nimefanya kazi na buti moja langu na moja la Kimya, yule mwenzangu wa karo la pili ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Lake lilikuwa dogo. Nimechechemea mpaka watu wakaniuliza kama na mimi goti limeanza.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Matokeo yenu ya mfumo wa chakula yametoka. Najua yametoka, kwa sababu binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu yuko chuo hicho hicho cha mifugo na mama yake ametangaza mpaka sokoni. Nilipomwuliza baba yako, alikohoa. Nikamwuliza tena, akaanza habari za goti.

Usinipigie simu. Kwenye simu utaniambia "niko poa, shangazi" na kukata, na mimi nitabaki nimeshika simu kwa mikono yenye maji. Andika. Dereva wa lori la ngozi anapita hapo chuoni kwenu kila anapokwenda kiwandani, atazichukua barua zako na kuniletea. Zitanuka, lakini hapa kwetu nani atajua?

Nimekwisha watangazia wanawake wote wa chumba hiki kwamba utakuwa wa kwanza. Wasiponiamini nawakumbusha: mtoto aliyejifunza kutembea kwa kushika ukingo wa ndoo ya matumbo atashindwaje mtihani wa matumbo? Ulikuwa na miaka sita ulipoyataja yote manne ya ng'ombe bila kukwama: tumbo kubwa, tumbo la nyavu, kitabu, na tumbo la kweli. Ulikuwa ukiimba ukizunguka karo, tumbo kubwa mkono wa kulia, ini mkono wa kushoto, na wachinjaji wakiacha visu wakusikilize.

Basi niambie umepata ngapi, niwafunge midomo.

Ni mimi shangazi yako


Chuoni, bweni la wasichana
2 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Dereva alipita mara mbili nikiwa darasani, na mara ya tatu nilimwona kwa mbali nikashindwa kukimbia kwa sababu nilikuwa nimebeba ndoo ya firigisi. Sweta ninalo. Mwambie mama silivai kwa sababu ya joto, si kwa sababu nimeligawa. (Nimemwazima tu mwenzangu.)

Mwenzangu huyo wa kitanda cha juu anakoroma, maji ya bomba yanatoka siku moja yanakata mbili, lakini chakula kinatosha na nina afya.

Ngoja nikupe habari za masomo, utafurahi. Tumemaliza kuku. Kuku hana meno, kwa hiyo anaweka punje kwenye kifuko cha shingoni zilowe, kisha zinashuka kwenye tumbo dogo la maji makali, halafu firigisi inazisaga kwa vijiwe alivyovimeza mwenyewe. Wewe uliwahi kuniambia hivyo vijiwe ni uchafu wa kuosha. Kumbe ndiyo meno yake! Tumefanya na sungura. Sungura, shangazi, anakula baadhi ya kinyesi chake mwenyewe, kile laini, ili chakula kipite mara ya pili. Usimsomee mama hapo. Farasi ana tumbo moja tu, dogo kwa mwili ule, kazi kubwa inafanyika mwishoni kwenye utumbo mkubwa. Tena hawezi kutapika, na hana kifuko cha nyongo. Nilipoandika hilo nikakufikiria, jinsi unavyomgombeza anayepasua nyongo juu ya ini.

Lakini hakuna kama ng'ombe. Unajua kwamba ng'ombe kwa kweli hali majani? Tumbo kubwa ni zizi. Anafuga humo vijidudu visivyohesabika, anavilisha majani, anavipelekea mate zaidi ya ndoo tano kwa siku, anacheua na kuvirudishia. Vikishanona, vinasukumwa mbele mpaka tumbo la nne, na hapo ndipo anavimeng'enya vyenyewe. Ni mfugaji kama mfugaji mwingine.

Nina swali. Unapomfungua ng'ombe, wewe husimama upande gani?

Wasalimie wote, na watoto wa paka.

Mwanao,
Chiriku


Machinjioni
15 Machi

Kwako Chiriku,

Salamu. Sote wazima. Buti nimelipata, watoto wa paka wamehamia kwenye sanduku la sabuni.

Barua yako nimeisoma kwa sauti wakati wa chai, na ya sungura wamecheka mpaka Kimya akakabwa na andazi. Ya ng'ombe kufuga vijidudu wameniomba niirudie. Miaka yote hii namwaga yale majani yaliyotafunwa nikiona ni takataka, kumbe namwaga kundi zima la mifugo ya mtu.

Lakini nimehesabu kurasa: umeandika kuku, sungura, farasi, ng'ombe, na mwenzako anayekoroma. Alama hujaandika. Mwanangu, acha kuzungukazunguka. Mimi si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Swali lako nalijibu kwa sababu linahusu kazi, na kazi siifichi. Ng'ombe akishachunwa hulazwa chali kwenye kitanda cha chuma. Mimi nasimama miguuni, kwenye miguu ya nyuma, kichwa kiko mbele yangu kule mbali. Mchinjaji akipasua tu, tumbo kubwa linajimwaga mkono wangu wa kulia, bandama imelishikilia kama mtoto mgongoni. Mkono wa kushoto ndiko liliko ini na kifuko chake cha nyongo, na chini yake kitabu na tumbo la kweli. Naingiza mkono wa kulia kwanza, nalivuta kubwa, mengine yanafuata yenyewe. Utumbo mwembamba nauvuta mwisho, mita arobaini na zaidi, naukunja kiwiko kwa kiwiko. Naweza kuifanya hiyo nimefumba macho, na mwaka juzi umeme ulipokatika niliifanya kweli.

Kwa nini unauliza kitu ulichokijua kabla hujajua kufunga kamba za viatu?

Shangazi yako anayesubiri alama


Chuoni
20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini baba na mama hawajambo. Mimi sijambo, ila sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na ukweli.

Nimefeli.

Karatasi ya kuandika nilifanya vizuri sana. Nilichofeli ni vitendo, na bila vitendo hakuna kupita. Mtihani ulikuwa wa ng'ombe hai, amefungwa kwenye uzio, na mwalimu wetu wa anatomia, ambaye sisi tunamwita Sindano kwa maneno yake, akasema: "Nionyeshe tumbo kubwa." Nikaenda upande wa kulia. Liko kushoto, shangazi. Kwa ng'ombe aliyesimama tumbo kubwa limejaza upande wote wa kushoto, na ng'ombe akivimba gesi ukienda kumtoboa kulia ili umwokoe, unamwua.

Siku ile nilikuwa na homa. Kichwa kilikuwa kinazunguka, nikachanganya mikono. Ni hivyo tu.

Baba nilimwomba asikuambie. Usimlaumu. Kuna mtihani wa marudio mwezi wa sita, mara moja tu. Nikishindwa narudishwa nyumbani, na miaka miwili imekwenda. Sitaki kurudi nyumbani, shangazi. Ninaipenda kazi hii. Naogopa.

Usiwaambie wa chumbani.

Chiriku


Machinjioni
11 Mei

Kwako mwanangu,

Dereva alipita hapa mara tatu na mara zote nilimwambia sina barua. Nilikuwa nayo, nimeichana. Hii ndiyo ya nne. Nyumbani wazima.

Hukuwa na homa.

Nilipoipata barua yako niliweka kisu chini nikaenda kule nyuma kwenye zizi la kusubiria. Nina miaka ishirini na sita humu ndani na sijawahi kumgusa ng'ombe anayepumua. Wananifikia wakiwa wamekwisha lala. Nikachagua mmoja mpole, nikaweka sikio ubavuni kulia. Nikasikia maji kidogo, kama bomba la jirani. Nikazunguka, nikaweka kushoto. Mwanangu! Kulikuwa na ngurumo humo ndani, gunia la mahindi linaburutwa sakafuni, linasimama, linaburutwa tena. Nikarudi kulia. Nikarudi kushoto. Mchunga zizi akaniuliza kama nimepoteza hereni.

Nikasimama pale nikafikiri. Nikamlaza chali akilini mwangu, nikaenda nikasimama miguuni kwake kama ninavyosimama siku zote, na kushoto kwake kukaja kukaa kulia kwangu. Basi. Hapo nikaelewa kwa nini uliniuliza ninasimama upande gani. Ulijua tangu mwezi wa tatu, na badala ya kuniambia ukajitungia homa.

Nilichokufundisha ukiwa na miaka sita kilikuwa ni mkono wangu mimi. Sikukufundisha ng'ombe. Nilikufundisha kwa kujiamini, mbele ya watu, na nikakutia wimbo mdomoni. Kosa ni langu. Nimekasirika mpaka leo, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe, ila na wewe nimekukasirikia kidogo kwa kunifichia. Mimi si yai. Ukiniambia nimekosea sitapasuka.

Nimewaambia wa chumbani. Najua ulinikataza. Nilisimama nikasema, "Mtoto amefeli na mimi ndiye niliyemfelisha," na nilidhani watanicheka. Badala yake tukaanza kazi. Tulimwinamisha Kimya, mikono na magoti chini, tukamfunga gunia la pumba ubavu wa kushoto, na tukamwambia atembee, na alitembea akilalamika kila hatua. Kila mmoja alizunguka akimwonyesha ini, akimwonyesha kitabu. Watu wenye miaka kumi na mitano kazini walikosea! Mkuu wa machinjio alipita, akatutazama, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Katika kifurushi hiki kuna aproni. Nimeishona kwa turubai la aproni mbili kuukuu. Mfuko mkubwa wa kushoto ndio tumbo kubwa, nimeujaza matambara. Mbele karibu na moyo ni la nyavu. Kulia ni kitabu, nimekitia kurasa za kitambaa, ishirini tu, uvivu ulinishika. Chini yake, kulia, karibu na sakafu, tumbo la kweli. Ini kulia juu. Kamba ni utumbo, usiikate, ni mita arobaini nilizopima mwenyewe. Ivae, piga magoti, weka mikono chini. Usimtazame ng'ombe kutoka miguuni wala kutoka kichwani. Kuwa ng'ombe mwenyewe. Kushoto kwako ndiko kushoto kwake.

Fanya kila siku. Wakikucheka, waulize kama shangazi zao wanajua kushona bandama.

Ni mimi


Chuoni
1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipokea. Nina haraka, dereva anapiga honi.

Usiku ule ule niliivaa, mwenzangu anayekoroma akaamka akapiga kelele. Sasa na yeye anaivaa. Tuko wasichana saba wa marudio na tunapokezana kwenye korido, mmoja ng'ombe, sita wakaguzi. Kamba imetupeleka mpaka bafuni na kurudi mara mbili.

Nilificha kwa sababu nilipokuwa mdogo hakuna mtu mwingine aliyeniambia kwamba najua kitu. Ni wewe tu. Sikutaka kukunyang'anya hilo.

Mtihani ni tarehe kumi na tisa.

Chiriku


Chuoni
27 Juni

Shangazi yangu, shangazi yangu!

Shikamoo, na kaa chini. Weka ndoo, keti juu yake. Wasalimie baba, mama na paka, habari zao nitauliza barua nyingine.

Kwanza jambo ambalo sikukuambia. Mwezi wa kwanza, nilipokwenda upande wa kulia, Sindano hakunifelisha kwa kukosea upande. Aliniwekea kile kifaa cha kusikilizia masikioni, akaniuliza, "Unasikia nini?" Sikusikia kitu, shangazi. Nikasema, "Nasikia. Linanguruma vizuri." Nilikuwa na hakika sana kwamba lazima liwepo, nikasikia kisichokuwepo. Akasema mbele ya wote, "Aliyekosea upande nitamfundisha. Anayesikia kwa mdomo nimfundishe nini?" Darasa likacheka. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi miezi yote hii, na hata kwenye barua nilishindwa kuliandika.

Sasa tarehe kumi na tisa. Ng'ombe wa mtihani alikuwa wa maziwa, wa hapa hapa chuoni, amezaa wiki tatu zilizopita. Sindano alimchagua mwenyewe asubuhi. Nikaitwa wa nne. Wenzangu watatu walikwishapita, wote walienda kushoto, wote walisema, "Nasikia ngurumo," na akawapitisha kuelekea meza ya pili. Nikasogea. Nikajiweka magoti na mikono chini akilini, nikaenda kushoto bila kufikiri mara mbili. Nikaweka kifaa.

Hakukuwa na ngurumo.

Nikangoja dakika nzima. Tumbo kubwa hujikaza mara moja au mbili kwa dakika, nalijua hilo hata nikiwa usingizini. Nikangoja ya pili. Kulikuwa na kitu kwa mbali sana, kama mtu anahamisha viti nyumba ya tatu. Niko upande wenyewe, upande sahihi, na ninachotakiwa kusema ni neno moja tu, "nasikia", niende zangu, nipate cheti, nirudi nyumbani nikipunga mkono. Wenzangu watatu walikwisha lisema. Sindano amenyanyua kalamu.

Nikasema, "Mwalimu, sisikii."

Nyuma yangu mtu akacheka. Sindano akasema, "Mara ya kwanza ulisikia pasipo kitu, leo husikii palipo na kitu. Una uhakika?" Nikamwambia naomba dakika moja. Nikaacha kifaa pale pale ubavuni, karibu na mbavu za mwisho, nikapiga kwa kidole pembeni yake, kama unavyopiga tikiti. Ikalia, shangazi. Ikalia ting! kama sufuria tupu. Nikasogeza, nikapiga tena, ting. Tumbo kubwa lililojaa majani haliwezi kulia hivyo. Hapo kati ya tumbo kubwa na ubavu palikuwa na kitu kingine, kimejaa hewa.

Nikamwambia, "Tumbo kubwa lipo, lakini limesukumwa ndani. Tumbo la nne limehama. Lilipaswa kuwa chini kulia, limepita chini ya tumbo kubwa, limepanda huku kushoto na limejaa gesi."

Sindano akasema, "Ng'ombe huyu ni mzima. Nimemchagua mimi."

Na mimi, mwanao, kichwa kigumu kama wewe uliyenilea, nikabishana na msahihishaji wangu. Nikamwambia, "Basi umwulize anayemkamua." Mkamuaji alikuwa amesimama pale mlangoni. Akasema siku mbili sasa ng'ombe anaacha pumba, majani anakula kidogo, na maziwa yamepungua, alitaka kusema ila hakuna aliyemwuliza. Sindano akachukua kifaa kutoka masikioni mwangu. Akasikiliza. Akapiga kwa kidole. Akasikiliza tena, muda mrefu mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama. Kisha akavua miwani, akasema, "Mtihani umesimama. Leteni maji ya moto."

Wamempasua alasiri ile ile, amesimama, kwa sindano ya ganzi, wamefungua upande wa kulia. Sindano aliingiza mkono, akautoa, akanitazama. "Njoo," akasema. "Usiangalie. Niambie unagusa nini." Nikanawa mpaka begani, nikavaa glavu ndefu, nikaingiza. Shangazi, kulikuwa na joto humo! Ulinifundisha yakiwa ya baridi. Lakini mkono uliyajua yote. Nikapita juu ya tumbo kubwa, ukuta mnene, mzito, kama blanketi lililolowa. Nikashuka ng'ambo ya pili, kushoto kabisa, na hapo nikakuta kitu laini, chembamba, kimejaa kama puto. Nikasema, "Hili ndilo. Ni la kweli." Sindano akasema, "Umejuaje?" Nikasema, "Nimeliosha maelfu ya mara."

Wakalitoa hewa kwa mrija, wakalivuta chini likarudi kulia kwake, wakalishona mahali pake lisihame tena. Siku ya pili ng'ombe akala. Leo asubuhi nilikwenda nikaweka sikio kushoto, na ngurumo iko pale, gunia lako la mahindi, linaburutwa na kusimama. Nikalia kidogo, mkamuaji akajifanya hamnazo.

Alama tisini na moja. Wale watatu waliosema "nasikia" hawakurudishwa nyumbani kwa kuwa Sindano mwenyewe alimdhania ng'ombe mzima, ila wanaanza upya vitendo vyote, na yule aliyecheka ameniomba nimfundishe kupiga kwa kidole.

Cheti nitapata, shangazi. Nitakuwa mganga wa mifugo.

Sindano aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuyajua kwa mkono. Nilimwambia kila kitu, na aproni nikamwonyesha. Alihesabu kurasa za kitabu, akasema zimepungua. Kisha akaomba anuani yako. Bahasha yake imo ndani ya hii. Sijaifungua.

Mwanao aliyefaulu


Machinjioni
14 Julai

Kwako mwanangu, mganga wa mifugo,

Salamu hazitoshi leo. Baba yako alipanda zile ngazi za jirani kwenda kutangaza, goti na yote. Mama yako amesema sweta uligawe tu. Fundi cherehani nimekutana naye sokoni, nikampa barua yako akaisoma mwenyewe, amesimama juani, mpaka mwisho.

Hapa chumbani ilisomwa mara tatu. Ulipoandika "sisikii" Kimya aliweka mkono mdomoni, na nakwambia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza kwa muda wa kutosha kusafisha tumbo zima. Ulipopiga kwa kidole na ikalia, chumba kizima kilipiga kelele, mchinjaji akaja na kisu akidhani kuna mtu kaumia. Nimelia, na sioni haya kusema. Nimelia kwa ile ting zaidi ya tisini na moja. Ungeweza kusema uongo mdogo ukapita, na hakuna ambaye angejua, isipokuwa yule ng'ombe.

Bahasha ya Sindano niliiweka siku mbili bila kuifungua. Niliogopa. Mimi shule niliachia darasa la nne, na kila barua ya mkubwa niliyowahi kupata ilikuwa ya kunionya. Nikadhani ananiandikia kunikanya nisifundishe watoto wa watu vitu vilivyopinduka. Siku ya tatu nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaifungua mbele ya wote, liwalo na liwe.

Imeanza hivi: "Mwalimu mwenzangu."

Sikuweza kuendelea, ikabidi Kimya asome. Anasema miaka kumi na minane amefundisha matumbo kwa picha ukutani, na wanafunzi wake wanayajua kwa macho lakini si kwa mkono. Anasema wewe mkono wako umeyajua kabla ya macho yako, na hajapata kuona hivyo. Ananiomba nije chuoni wiki moja kila muhula nifundishe vitendo. Mkuu wa machinjio amekwisha niruhusu, na amesema sasa ameelewa Kimya alikuwa anafanya nini na lile gunia.

Niliandika barua ya kukataa. Niliandika kwamba mimi ni mwosha matumbo tu, kwamba mwanafunzi wangu wa kwanza alifeli. Nikaisoma. Nikaona mstari ule wa mwisho ndiyo sababu hasa ya mimi kwenda, kwa sababu ukutani kwake hakuna picha inayomwonyesha mtu jinsi anavyoweza kuwa na uhakika kabisa na akawa amesimama upande mwingine.

Basi nakuja Jumatatu, na lori la ngozi. Mwambie Sindano aniwekee ng'ombe wawili, mmoja amelazwa chali na mmoja amesimama anapumua, na wanafunzi wake wote wasimame katikati. Nitaanza kwa kuwaonyesha kosa langu.

Shangazi yako